Kumvua Wolai Kwenye Maziwa ya Kaskazini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nimekulia Igombe, kando ya Mwanza, kwenye nyumba iliyosomeshwa na sangara na dagaa. Leo naishi Minnesota, na kila Mei inapokaribia simu yangu haitulii. Ndugu wa Minneapolis, wa Fargo, wa Winnipeg, wengine wamefika majuzi tu kutoka Kigoma au Bukavu, wote wanauliza habari za samaki huyu ambaye wenyeji wanamsifu kuliko wote. Nimeyakusanya maswali yao hapa na kuyajibu kwa kadiri ya miaka niliyokaa na mshipi mkononi.

Wolai ni samaki gani hasa?

Ni samaki wa maji baridi wa Marekani ya Kaskazini, mla samaki wenzake, mwenye mwili mrefu wa rangi ya zeituni inayoangukia dhahabu na tumbo jeupe. Wanasayansi humwita Sander vitreus, na hilo neno la pili ni la Kilatini, linatokana na kioo. Ukifika huku utasikia majina mengi. Kwenye vitabu vya sheria vya Marekani ameandikwa walleye. Manitoba na Ontario watu wengi humwita pikereli. Ndugu zetu Wakongo walioko Quebec watamkuta sokoni kwa jina la Kifaransa, doré. Wote ni yeye yuleyule. Minnesota ilimfanya samaki wa jimbo mwaka 1965, na Manitoba na Saskatchewan nazo zimemchagua.

Ana nduguye anayeitwa sauga, ambaye wageni humchanganya naye. Tazama ncha ya chini ya mkia: ikiwa nyeupe kama iliyochovywa chokaa, huyo ni wolai. Kisha mfungue pezi la kwanza la mgongoni, lile lenye miiba. La wolai lina doa jeusi nyuma kabisa, karibu na mgongo; la sauga lina madoadoa mstari kwa mstari.

Ana undugu na sangara?

Hapana, ingawa tabia zinakaribiana. Ukubwa ndio unaowatenga zaidi. Sangara anaweza kupita kilo 100, ilhali wolai wa kilo 4 huku hupigiwa simu ukoo mzima. Rekodi ya dunia inayotambuliwa na IGFA, shirika la kimataifa la uvuvi wa michezo, ni pauni 25, yaani kilo 11 na ushei, aliyevuliwa Tennessee mwaka 1960. Rekodi hiyo ina ubishi: jumba la kumbukumbu la wavuvi wa maji baridi la Marekani lilimfuta mwaka 1996 na kumtambua badala yake wa pauni 22 na wakia 11, wa Arkansas, mwaka 1982. Wa Minnesota alikuwa wa pauni 17 na nusu, mwaka 1979.

Kwa nini macho yake yanang'aa usiku?

Hili ndilo swali ninalolipenda, kwa sababu ukilijua jibu lake umeshajua nusu ya uvuvi wenyewe.

Nyuma ya jicho la wolai kuna utando unaorudisha mwanga kama kioo, sawa na ule wa paka, ng'ombe au fisi. Mwanga hafifu ukiingia, unapita kwenye chembe za kuonea, unagonga utando ule, kisha unapita tena mara ya pili. Mwanga mmoja unatumika mara mbili. Ndiyo maana ukimmulika kwa tochi unaona vikombe viwili vya fedha vinakutazama, na ndiyo maana jicho lake mchana linaonekana kama lina ukungu, mtu akadhani ni kipofu.

Sasa mfikirie samaki anayeliwa naye zaidi katika maziwa mengi, yule mdogo wa manjano mwenye mistari ambaye watoto humvua gatini. Huyo hana utando huo. Anaona vizuri mchana. Jua likishuka macho yake yanaanza kushindwa, naye anashuka chini ya maji kutafuta pa kulala. Katika muda huohuo wolai ndiyo kwanza macho yamemfunguka. Mmoja anaona, mwingine haoni, na wote wako kwenye maji yaleyale.

Kwa hiyo kila ukikwama ziwani, jiulize kwanza habari ya mwanga. Uko kiasi gani? Unafika kina gani? Unakatwa na nini: mawingu, mawimbi, tope, magugu maji, au usiku? Wolai atakuwa pale ambapo mwanga unampa yeye faida na kumnyima mwenzake.

Basi nivue saa ngapi?

Alfajiri na magharibi. Nusu saa kabla ya jua kuzama hadi saa moja baada yake ni dhahabu tupu. Kumbuka kwamba Juni huku jua linazama karibu saa tatu usiku, kwa hiyo mtu aliyetoka kazini saa kumi na moja jioni ana nafasi tele ya kula, kuswali na kufika ziwani.

Msimu wangu wa kwanza nilikuwa nakwenda saa sita mchana, jua la utosi, maji yametulia kama sahani. Jumamosi tatu mfululizo sikupata hata wa kuonjesha. Mama mmoja aliyekuwa akifunga vitu vyake kwenye gati aliniambia nikapumzike nyumbani, nirudi jua likiwa limegusa miti. Nilirudi. Jua lilipozama nilikuwa na wawili.

Mchana nao unafaa siku ya mawingu mazito au ya upepo. Viwimbi vinavunja mwanga usizame. Tena upepo unasukuma vijidudu vya maji kuelekea upande mmoja, samaki wadogo wanavifuata, na wolai anawafuata wadogo. Mgeni hukimbilia upande uliotulia kwa sababu ni raha kukaa. Nenda upande unaopigwa na upepo, ilimradi boti yako inahimili.

Kuhusu mwezi, sisi wa Ziwa Victoria tumezoea kwamba mbalamwezi ni mapumziko, kwa sababu dagaa wanavuliwa kwa taa gizani. Huku ni kinyume. Usiku wenye mwezi nauhesabu kuwa usiku mzuri, kwani wolai anapata mwanga kidogo wa kuwindia, nao unamtosha.

Nimtafute wapi ziwani?

Inategemea majira. Barafu ikiyeyuka na maji yakifika nyuzi joto 4 hadi 11 za Selsiasi, wanapanda mitoni na kwenye changarawe za ufukweni kutaga. Madume hutangulia. Hawajengi kiota wala hawalindi mayai. Jike mmoja anaweza kutaga mayai laki moja na zaidi, kisha wote wanaondoka. Wiki chache baadaye, msimu unapofunguliwa, bado wako maji mafupi, mita 2 hadi 4, hasa jioni, karibu na midomo ya mito.

Kiangazi wanashuka. Tafuta ukingo: pale magugu yanapoishia, pale mwamba unapoteremka ghafla, au kilima kilichozama katikati ya ziwa. Wakati wa mchana wanakaa chini ya mteremko, jioni wanaupanda kuja kula juu yake. Ukiwa na ramani ya kina kwenye simu utaiona mistari imesongamana. Hapo ndipo pa kuanzia.

Vuli, maji yakipoa, wakubwa wanarudi kwenye mawe, nami naipenda Oktoba kuliko miezi yote.

Kuna jambo jingine la kujua. Kome wadogo wenye milia waliofika na meli kutoka Ulaya wameenea katika maziwa mengi, nao wanachuja maji hadi yanakuwa angavu mno. Ziwa Mille Lacs, hapa Minnesota, waligunduliwa mwaka 2005. Maji yakiwa angavu, mwanga unazama zaidi, na wolai anashuka zaidi au anangoja giza liingie kabisa. Wazee wanaosema samaki wameisha, mara nyingine wamehama kina tu.

Chambo gani kinamfaa?

Vidagaa hai wakati wa baridi, yaani majira ya kuchipua na vuli. Ruba kuanzia Juni. Nyungunyungu kiangazi chote. Ndiyo, ruba, ila si wale wanaonyonya damu. Wanauzwa dukani kwa kikombe, na wanacheza kwenye ndoana kama utepe kwenye upepo. Mchome upande wa kile kikombe chake kikubwa cha kunatia, hapo hachomoki. Hawa wa dukani si wa kuogopa, nami nawashika kwa mkono mtupu.

Kwa vyambo bandia, rangi zangu ni kijani kikali na machungwa. Si ushirikina. Jicho la wolai linatambua zaidi kijani na zile rangi za machungwa kuelekea nyekundu.

Jigi ni nini, na inavuliwaje?

Jigi ni ndoana iliyomiminiwa risasi shingoni ikapata kichwa cha duara. Ukinunua kitu kimoja tu, nunua hicho. Uzito thumuni ya wakia kwa maji mafupi, robo ya wakia kwa maji marefu au yenye mkondo. Mchome kidagaa kupitia mdomoni, ndoana itokeze kisogoni.

Tupa, kisha acha izame. Mshipi utakuwa umekaza, halafu ghafla unalegea: imefika chini. Hapo inua ncha ya fimbo shibri moja, si zaidi. Sasa ishushe taratibu huku mshipi ukiwa umenyooka, usiuache uzembee, maana karibu kila mara wolai huchukua jigi inaposhuka. Hakurupuki kama sangara. Anafungua mdomo na kuvuta maji, na chambo kinaingia pamoja na maji. Mkononi unasikia "tk" moja, kama mtu aliyedonoa fimbo kwa ukucha. Wakati mwingine husikii hata hilo. Unainua fimbo na kukuta uzito laini, kama kitambaa kilicholowa. Wengi hudhani ni magugu wakalegeza. Usilegeze. Kaza kwa mkupuo mmoja mfupi wa kiwiko.

Nilichelewa kujifunza kitu kimoja: kidole cha shahada kiguse mshipi wakati wote. Fimbo huficha mambo. Kidole hakifichi.

Fimbo iwe nyepesi, ya futi 6 na nusu hadi 7, na mshipi wa pauni 6 au 8. Mshipi mnene unaonekana majini, na jigi inashuka vibaya.

Anagonga lakini simkuti. Kwa nini?

Aidha unakaza mapema mno, au anang'ata mkia wa chambo. Fupisha nyungunyungu, katakata. Kama unatumia chubwi linaloteleza kwenye mshipi, lenye kipande cha mbele cha mita 1 au 2 na ruba mwishoni, ukisikia uzito legeza mshipi, hesabu hadi tano, kisha nyosha na ukaze. Hapo ndipo kulegeza kunafaa.

Sina boti. Nitampata?

Utampata, na pengine kuliko mwenye boti, kwa sababu jioni anakuja mwenyewe ufukweni. Tafuta gati la umma, daraja lenye mkondo mwembamba kati ya maziwa mawili, au mdomo wa mto. Tumia boya linaloteleza: fundo dogo kwenye mshipi linalizuia kwa kina unachotaka, chini yake chubwi dogo na ruba. Pima kina ili ruba aning'inie kama futi moja juu ya chini. Tulia, na zima tochi. Kila unapomulika maji unamfukuza, kwani jicho lile linaloona gizani linaumizwa na mwanga wa ghafla.

Kurambaza kunafaa?

Kwenye maji mapana, ndiyo hasa. Kurambaza, yaani kukokota vyambo nyuma ya boti inayokwenda polepole, ndiko kunakotawala Ziwa Erie, ambako mji wa Port Clinton, Ohio, unajiita makao makuu ya wolai duniani. Pale samaki wanaogelea katikati ya maji mbali na chini, wakifuata makundi ya vidagaa, kwa hiyo jigi ya chini inaweza kupita chini yao kutwa nzima. Kama hujawahi, panda boti ya mtu anayejua mara moja, uone mwendo na urefu wa mshipi. Kusoma hakutoshi.

Wakati wa barafu nifanyeje?

Kwanza uhai wako. Barafu mpya, ngumu na angavu, iwe angalau inchi 4, yaani sentimita 10, ndipo mtu atembee kwa miguu. Barafu nyeupe yenye theluji ndani ina nguvu nusu tu. Hakuna barafu ya kuaminiwa kabisa, hasa karibu na mkondo na midomo ya mito. Ning'iniza shingoni vile vishikio viwili vyenye misumari vya kujivutia juu, vaa jaketi la kuokolea, na usiende peke yako. Sisi tuliokulia kwenye maji ya joto hatuna kumbukumbu ya barafu miilini mwetu. Mwenyeji anasikia mlio akajua ni wa kawaida au wa hatari. Wewe bado. Nenda na mwenyeji miaka miwili ya kwanza.

Ukishafika, toboa kwa keekee ya barafu matundu kadhaa, ukifuata mteremko uleule wa vuli. Teremsha kijiko kidogo cha chuma chenye kichwa cha kidagaa, kiinue, kiache kianguke, kisha kitulie. Kwenye tundu la pili tega mtego wenye bendera: samaki akivuta, bendera inainuka. Minnesota inaruhusu mishipi miwili kwa mtu kwenye barafu, na mmoja tu maji yakiwa wazi.

Ninahitaji leseni? Ninaweza kutumia nyavu au kuuza?

Leseni ni lazima Minnesota ukiwa na miaka 16 au zaidi, na majimbo mengine yana umri wake. Idadi ya samaki na urefu unaoruhusiwa hubadilika, tena kila ziwa laweza kuwa na kanuni yake, kwa hiyo soma kitabu cha mwaka huu cha jimbo lako na usisikilize mdomo wa mtu, hata wangu. Ziwa Lake of the Woods limegawanywa kati ya Minnesota, Ontario na Manitoba. Ukivuka mstari majini umeingia nchi nyingine na sheria nyingine. Usitoe minofu ukiwa bado ziwani, maana mkaguzi lazima aweze kupima urefu.

Nyavu hapana, kuuza hapana, kwa mwenye leseni ya kawaida. Nasema kwa msisitizo kwa sababu nimewaona ndugu wakitozwa faini kwa kutojua. Ukiona Waojibwe, wenyeji wa asili wa huku, wakitega nyavu Mille Lacs, usidhani wamevunja sheria. Walibaki na haki ya kuvua katika mkataba wa 1837, na Mahakama Kuu ya Marekani iliithibitisha mwaka 1999. Maji haya yalikuwa yao kabla ya wote tuliohamia.

Maji yote ya boti na ya ndoo ya chambo yamwage kabla ya kuondoka ziwani, na chambo kilichobaki tia kwenye takataka. Ni sheria, na ndiyo njia ya kuwazuia wale kome.

Kwa nini niambiwe nirudishe mkubwa? Kwetu mkubwa ndiye samaki.

Najua inauma. Lakini wale wakubwa karibu wote ni majike, na ndio wenye mayai. Kwetu tumeona sangara wakipungua umbo mwaka hadi mwaka, hadi viwanda vya minofu vikalia. Huku nako yametokea. Ziwa Red Lake, kaskazini mwa Minnesota, lilivuliwa hadi wolai wakakaribia kwisha miaka ya 1990. Mwaka 1999 kabila la Red Lake na serikali ya jimbo walikubaliana kufunga uvuvi wa wolai kabisa, vifaranga vikapandikizwa, na watu wakakaa bila kuvua hadi 2006. Samaki walirudi. Ziwa Erie nalo lilikuwa na aina yake ya buluu, iliyovuliwa kwa tani na tani. Mwaka 1983 serikali ya Marekani ilitangaza kwamba imetoweka. Hakuna aliyeirudisha.

Wa kula ni wa inchi 14 hadi 18, na nyama yake ni tamu zaidi. Ukimrudisha mkubwa, lowesha mikono, mshike chini ya tumbo, usiingize vidole kwenye mashavu ya kupumulia. Ila ukivua kina cha mita 9 na zaidi, kumbuka kwamba kibofu chake cha hewa hakina mlango wa kutolea. Ukimpandisha kinavimba, na ukimrudisha anaweza kufa hata akiogelea vizuri machoni pako. Ukipata idadi yako huko chini, acha kuvua.

Ni salama kula? Nasikia habari ya zebaki.

Ni salama kwa kiasi. Zebaki hujilimbikiza kwa samaki mla wenzake, na kadiri anavyokua ndivyo inavyoongezeka. Mjamzito, anayenyonyesha na watoto wafuate mwongozo wa afya wa jimbo, ambao mara nyingi umetaja ziwa kwa jina. Si jambo la kupuuza. Grassy Narrows, Ontario, kiwanda cha mji wa Dryden kilimwaga karibu tani 10 za zebaki mtoni kati ya 1962 na 1970, na jamii ya Waanishinaabe, nao wenyeji wa asili, iliyokula samaki wa mto ule inaugua hadi leo.

Anapikwaje?

Magamba yake ni madogo, na kumtoa minofu mmoja wa inchi 15 huchukua dakika tano. Kisu chembamba, kata nyuma ya shavu hadi kwenye uti, kigeuze, kiteleze hadi mkiani. Kuna mstari wa miiba midogo katikati ya mnofu. Upapase kwa kidole, kisha chonga pande zake mbili utoke kama uzi. Wenyeji humpaka unga na kumkaanga. Nyumbani kwangu ni chumvi, ndimu, kitunguu saumu, mafuta ya moto, kisha ugali na kachumbari.

Usitupe kichwa. Chini ya kila jicho kuna kinofu cha shavu, cha duara kama shilingi, laini kuliko sehemu yoyote. Mfupa uliobaki, ambao Mwanza tungeuita panki, nauchemsha na nyanya, bilinganya na pilipili, na wageni wangu wa Kimarekani, waliozoea kuutupa, sasa hunipigia simu kuuliza kama supu ipo.